Kilo Kumi na Saba za Sabuni

Jumatatu saa nne asubuhi Bwana Obeid alisimama kwenye mlango mkubwa wa kiwanda chake cha sabuni na kutangaza, kwa sauti iliyofika hadi kwa mafundi baiskeli ng'ambo ya barabara, kwamba Béatrice anamwibia.

"Kilo kumi na saba! Kila pipa! Wallahi, hata panya wangeona aibu!"

Kiwanda ni neno kubwa, tuseme ukweli. Lilikuwa banda la mabati nyuma ya mtaa wa Ngagara, upande wa mabohari, lenye mapipa mawili na mizani moja. Humo mafuta ya mawese yalichemshwa pamoja na soda kali, ile inayokula vidole, mpaka yakawa uji mzito. Kisha ilitupwa chumvi. Sabuni ilipanda juu, maji yakabaki chini, mtu akafungua bomba na kuyaachia yaende zake mtaroni. Sabuni ilikwanguliwa chenga nyembamba, ikaanikwa juu ya mabati mpaka ikakauka kabisa, ikatiwa kwenye magunia na kupelekwa kwa wafuaji wa mahoteli. Hiyo ndiyo kazi yote. Na mkubwa wa mapipa, mwenye kupima kinachoingia na kinachotoka, alikuwa Béatrice.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenyeji wa Bukavu, ambaye wenzake walimwita Mama Joëlla kwa jina la bintiye aliyebaki kule kwa bibi yake. Kwao alifundisha kemia miaka kumi na mbili. Vita vilipomvusha mpaka, diploma yake ilivuka naye ndani ya mfuko wa nailoni, lakini Bujumbura hakuna aliyeiomba. Waliomba mikono. Basi akawapa mikono, na kwa miaka mitatu hakuna aliyelalamika.

Akutukanaye hakuchagulii tusi, ndivyo wasemavyo watu, lakini Bwana Obeid alikuwa amechagua vizuri mno. Mwite mkimbizi mchafu, ataoga. Mwite mjinga, atacheka. Ukimwita mwizi, neno hilo litamtangulia kila mlango atakaobisha hodi, na atalikuta limeshakaribishwa na kupewa kiti.

Béatrice aliweka mwiko chini. Damu ilimchemka hadi masikioni. Alitoka, akasimama mbele ya tajiri wake, akauliza, "Bwana Obeid, nani amekuambia?"

"Hesabu imeniambia," alijibu Obeid, akampisha mpwa wake.

Mpwa huyo aliitwa Tamim. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye shati jeupe na ndevu zilizochongwa kwa uangalifu, aliyerudi mwezi uliopita kutoka masomoni ng'ambo akiwa na shahada ya kuongoza biashara na hamu kubwa ya kuongoza ya mjomba wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa wa wenye kompyuta mpya tu, wa kuamini kwamba kitu kikiandikwa ndani ya mistari kimekuwa kweli.

"Mama Joëlla, c'est simple," alisema Tamim, akimwonyesha kompyuta yake. "Tunaingiza mafuta kilo mia. Soda kilo kumi na nne na gramu mia mbili. Jumla kilo mia na kumi na nne. Maji yanakauka, chumvi inaenda na maji, hiyo tunaiacha. Lakini sabuni ikipanda mizani, kila siku iko tisini na saba. Tisini na saba! Hakuna kitu kinapotea duniani, Mama. Kinachoingia lazima kitoke."

Béatrice aliitazama ile mistari, na hapo hapo akaona kosa lilipolala. Alitaka kucheka, na huko kutaka kucheka ndiko kulikomwongezea hasira.

"Hiyo sheria iko ya kweli," alisema. "Mi mwenyewe nilikuwa naifundisha. Lakini haijasema vitu vyote vitatokea mulango moja. Nipe dakika tano, nitakuonyesha."

"Apa si darasani," Obeid alimkata. Akatoa karatasi iliyokunjwa, imeshapigwa chapa. "Soma, usign."

Karatasi ilisema kwamba yeye, Béatrice, anakiri kuchukua sabuni ya kiwanda bila ruhusa, anaomba radhi, na hatarudia tena. Akitia sahihi, atabaki kazini, akoroge tu kama wengine. Asipotia, atoke, na Obeid atawapigia simu wafanyabiashara wenzake wote, kuanzia wa sokoni hadi wa mji wa Rumonge, awaambie wamjue huyo mwanamke. Alipewa mpaka kesho.

"Mi sitasign," alisema Béatrice. "Hata kesho, hata mwaka ujao. Kalamu yako irudishe mufukoni."

Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini.

Esperance alimkimbilia hadi kwenye kona. Huyu ndiye aliyekoroga naye pipa moja tangu mwanzo, mama mnene mwenye roho nyepesi, mkimbizi wa Uvira, mwoga wa mambo yote isipokuwa soda.

"Dada, we sign tu," alimsihi. "Karatasi haiumi. Tutafute muzee mumoja wa kanisa, tubebe casier ya Fanta, twende kwa Bwana Obeid kule Kinindo, tumuombe pardon. Yatapita."

Na kweli, ndivyo mambo yanavyopita katika mji huu. Uwe umekosa au hujakosa, mdogo ndiye anayebeba kreti ya chupa kumpelekea mkubwa. Mkubwa anakunywa, anatoa nasaha ndefu, mdogo anaitikia kwa kichwa, na watu wanasema jambo limekwisha. Limekwisha kwa nani, hilo haliulizwi.

"Pardon ya nini?" Béatrice alimjibu. "Mutu anaomba pardon ya kitu alifanya."

"Sisi tuko wakimbizi, Mama Joëlla."

"Na ni juu ya hiyo sitasign. Mi nikisign leo, kesho watasema Wakongomani wote wa mapipa walisign. Na we uko ndani, Esperance."

Esperance alirudi kazini akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nyumbani, katika chumba alichopanga nyuma ya nyumba ya karani mmoja wa Ngagara, Béatrice aliibandua kalenda ya mwaka jana ukutani, akaigeuza, akaanza kuandika. Vitabu vyake vilibaki Bukavu, lakini kuna hesabu ambazo mtu akizifundisha miaka kumi na mbili zinakaa mwilini kama sala.

Chembe moja ya mafuta, alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, ni mama aliyebeba watoto watatu. Soda zinakuja tatu, si moja wala mbili, na kila moja inachukua mtoto mmoja na kwenda naye. Hao waliochukuliwa ndio sabuni. Lakini mama mwenyewe hafi. Anabaki, mikono mitupu, na jina lake ni gliserini. Mafuta ya mawese, kwa wastani, uzito wake ni mia nane arobaini na saba. Soda tatu ni mia moja na ishirini. Sabuni tatu zinatoka mia nane sabini na tano, na gliserini tisini na mbili. Jumlisha vilivyoingia, jumlisha vilivyotoka: mia tisa sitini na saba huku, mia tisa sitini na saba huku. Tamim hakukosea kusema kwamba hakuna kinachopotea. Alikosea kudhani kwamba vyote ni sabuni.

Akazipandisha zile namba kwenye pipa. Kutoka mafuta kilo mia, sabuni haiwezi kuzidi kilo mia na tatu na gramu mia tatu, hata ipikwe na malaika. Gliserini, karibu kilo kumi na moja. Nayo hiyo huyeyuka ndani ya maji ya chini, na maji ya chini humwagwa mtaroni. Kilo kumi na moja kati ya zile kumi na saba, mwizi wake alikuwa bomba.

Béatrice alishusha pumzi. Kisha akaona jambo ambalo hakulipenda.

Mia na tatu kutoa tisini na saba ni sita.

Kilo sita bado hazikuwa na maelezo. Akaketi akiitazama ile sita. Mara wazo likamjia, baya, likiwa limevaa kilemba cha Esperance: lile kapu kubwa analotoka nalo kila jioni, ambalo husema lina magimbi. Miaka mitatu hakuwahi kulifunua. Je, kama? Wazo hilo lilimtesa kwa muda, kisha akaona aibu kiasi cha kusema peke yake kwa sauti, "Ona, na mimi nimekuwa Obeid." Ikiwa karatasi moja ya hesabu ingemfanya amwite mwizi mtu aliyekoroga naye pipa moja, basi alistahili kuitwa vivyo hivyo.

Alirudi kwenye namba kwa akili ya mwalimu. Sabuni inayoganda kwenye kuta za pipa mpaka ikwanguliwe kwa kisu. Ile inayotoroka na maji ya chini. Vumbi la chenga linalopeperuka juani. Matope ya mawese yanayopimwa kama mafuta na wala si mafuta. Katika miaka yake yote darasani hakuna mwanafunzi aliyefikisha mia kwa mia ya kile hesabu inachoahidi. Aliyeandika mia, alimpa sifuri, kwa sababu alikuwa mwongo. Tisini na nne, tisini na tano, hiyo ni kazi ya mtu safi.

Lakini nani angemsikiliza? Zile sita wangezirukia kama kuku kwenye mchele. Na ingekuwa rahisi kama nini kubadilisha namba moja tu huku juu, hesabu ikaangukia tisini na saba sawasawa, bila salio! Hakuna hata mmoja pale kiwandani ambaye angejua. Béatrice aliishika kalamu, akaitazama namba hiyo, akaiacha kama ilivyo. Aliitwa mwizi bila kuiba. Hakuwa tayari kuwa mwongo juu ya hayo.

Jumanne alivaa kitenge chake cha kanisani, akatembea hadi kiwandani maana mabasi hayakuwa na mafuta, akafika wakati wateja wamejaa. Obeid alimpa kalamu kabla ya salamu.

"Sitaki kalamu. Nataka mizani," alisema Béatrice. "Tupike pipa dogo. Mafuta kilo kumi, soda kilo moja na gramu mia ine na makumi mbili. Tamim apime mwenyewe. Apike mwenyewe, akoroge, aanike, afunge na funguo. Mi sitagusa kitu. Jumamosi tupime mbele ya watu. Kama hesabu yake iko sawa, itatoka kilo kumi na moja na nusu kasoro. Ikifika hata kumi na moja tupu, nitasign karatasi yako apo apo, na nitaisoma kwa sauti."

Wateja waligeuka. Obeid akamtazama mpwa wake. Tamim alitabasamu, maana kwa maoni yake mwanamke huyu alikuwa amejichimbia kaburi na sasa anauliza sepetu iko wapi.

"D'accord," alisema. "Nakubali."

"Na kama haifike?" Béatrice alimuuliza Obeid, si Tamim.

"Kama haikufika, basi," alisema Obeid, akitikisa mkono kama anayefukuza nzi.

Hapo ndipo watu wa kiwanda walipopata mchezo ambao hawajauona tangu kizaliwe. Shati jeupe la Tamim lilikufa siku ya kwanza. Moshi ulimwingia machoni, soda ikamrukia kwenye kifundo cha mkono akapiga kelele, na Fortunat, mlinzi wa lango, akamletea maji huku akijikaza asicheke. Esperance ndiye aliyemwelekeza, kwa adabu zote, "Koroga, mutoto wangu, usipumzike, itakatika." Béatrice alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ameifunga nyuma kwa kitenge cha Esperance, kwa fundo alilotaka lionekane. Kila alipokuwa humo kiwandani alikaa amefungwa hivyo. Alipotaka maji, alinyweshwa.

Uji ulipokuwa mzito walitupa chumvi. Sabuni ikapanda. Tamim akanyoosha mkono kwenye bomba, na Béatrice akanena kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hayo maji ya chini usimwage. Yatie mu bidon."

"Ya nini? Ni uchafu."

"Na uchafu wenyewe ulikuwa mu hesabu yako? Basi yatie mu bidon."

Yakatiwa kwenye dumu. Sabuni na bidon vikafungiwa ofisini, na ufunguo ukaingia kwenye mfuko wa kanzu ya Bwana Obeid. Siku mbili zilizofuata Tamim aliikwangua sabuni, akaianika, akailinda dhidi ya kuku na upepo kwa bidii ya mtu anayelinda jina lake. Alhamisi Béatrice aliomba jambo moja zaidi: Fortunat achemshe yale maji ya bidon mbele ya tajiri. Fortunat alikamua ndimu humo mpaka ukali wa soda ukafa, akachemsha mchana kutwa. Maji yalipopungua chumvi ilianza kuanguka chini, nyeupe, vikombe kwa vikombe. Akachuja kwa kitambaa. Kilichobaki kilijaa chupa moja, nayo ikafungiwa pamoja na chenga. Obeid aliona yote hayo, akanung'unika kuhusu makaa yake, na hakuuliza kitu.

Jumamosi, kazi za jamii zilipokwisha, barabara ilikuwa imejaa watu wenye majembe na mifagio, wenye vumbi miguuni na wasio na haraka ya kurudi nyumbani. Habari ilikuwa imeshawafikia. Mafundi baiskeli walikuja, wauza ndizi walikuja, na wateja wa sabuni ambao hawakuhitaji sabuni siku hiyo walikuja pia. Obeid hakufurahi, lakini yeye ndiye aliyewaita Jumatatu, kwa hiyo hakuweza kuwafukuza.

Mizani ilitolewa nje. Béatrice, mikono imefungwa nyuma kama Jumanne, akamwambia Esperance achukue kipande cha mkaa na aandike ukutani.

"Andika ya Tamim kwanza. Kumi na moja na gramu mia ine. Sasa andika yangu. Hesabu yangu inasema sabuni yote ingeweza kutoka ni kumi na gramu mia tatu. Lakini mi nasema haitafika uko. Itasimama kati ya tisa na nusu na kumi."

Watu walinong'ona. Esperance alishusha mkaa. "Dada, unajipunguzia mwenyewe?"

"Andika."

Béatrice alikuwa ameweka namba ukutani mbele ya mtaa mzima, na sabuni hiyo hakuwa ameigusa hata kwa ukucha. Ikiwa Tamim alimwaga nusu kwa uzembe, namba itashuka na watasema hata hesabu zake ni za uongo. Aliogopa, na aliogopa sana, lakini hakuinamisha uso.

Tamim alimimina chenga kwenye sinia. Akapima. Akatoa uzito wa sinia. Akapima tena. Akazianika robo saa nyingine juani, kwa sababu alitumaini sijui nini, akapima mara ya tatu, na uzito haukusogea.

"Soma," alisema Obeid.

"Tisa na gramu mia nane," alisoma Tamim.

Mtu mmoja upande wa mafundi baiskeli akapiga mluzi.

"Tisa na mia nane," alirudia Béatrice, na sauti yake ilipanda bila kumuomba ruhusa. "Ya Tamim ilikuwa kumi na moja na mia ine. Kilo moja na nusu na zaidi imepotea. Iko wapi? Mikono yangu ilikuwa nyuma. Ni we Tamim ulipika, ni we ulianika, na funguo ilikuwa kwa mujomba wako. Bwana Obeid, ile karatasi iko tayari. Ubadilishe tu jina, mpe mupwa wako asign!"

Kicheko kilipasuka. Hata Fortunat, ambaye chakula chake kilitoka mkononi mwa Obeid, aliugeukia ukuta na mabega yakamtikisika. Uso wa Tamim ulikuwa umegeuka rangi ya mawese yenyewe.

"Mi sikuiba," alisema, kwa sauti ya mtoto, na papo hapo akasikia alichokisema.

"Najua haukuiba," alisema Béatrice. "Mi nilijua tangu Jumatatu kama hakuna mutu aliiba. Fortunat, leta chupa. Bwana Obeid, nipe mukono."

Mzee yule, asijue afanye nini kingine mbele ya watu wote hao, akanyoosha kiganja. Fortunat akamimina kidogo. Kilikuwa kitu kizito, cha rangi ya chai isiyokolea. Obeid akakisugua kwa kidole gumba. Akasugua tena, polepole. Mtu huyu alikuwa na duka mjini, na katika duka hilo, kwenye rafu ya juu karibu na sanduku la fedha, palikuwa na vichupa ambavyo wanawake wa Bujumbura wote hununua msimu wa kiangazi ngozi zinapopasuka. Aliviagiza kwa katoni kutoka nje miaka thelathini.

"Hii... hii glycérine," alisema.

"Yenyewe. Mafuta yanazaa sabuni, na yanazaa na hii. Kila pipa karibu kilo kumi na moja, na kila wiki unaachia mu mtaro. Alafu unaenda kununua ya wengine, unatuuzia mu vichupa, na mi unaniita mwizi."

Mwanamke mmoja katikati ya umati akasema "Yesu wangu," na mwingine akauliza maji yale ya chini humwagwa saa ngapi.

"Na nusu kilo nyingine?" Tamim aliuliza. Alikuwa amesogea ukutani, anazitazama namba, na haikuwa tena sauti ya kushtaki. "Umesema kumi na mia tatu. Imetoka tisa na mia nane."

"Kwangua ile pipa yako ndogo, na chuja maji vizuri, utapata sehemu. Ingine hautaipata. Hakuna mutu anafikisha yote, Tamim. Mutu anaekuletea yote, uyo ndiye umuogope."

Fundo la kitenge lilifunguliwa na Esperance, ambaye alikuwa akilia waziwazi na kucheka kwa pamoja. Béatrice alijisugua vifundo vya mikono. Bwana Obeid alitoa ile karatasi kwenye mfuko wa kanzu, akaichana mara mbili, akavishika vipande asijue pa kuvitupa. Kisha akamsogelea, karibu sana, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo hata Fortunat hakuisikia:

"Yaishe, Mama Joëlla. Jumatatu urudi kwenye mapipa yako. Hii glycérine tutaizungumza, we ndiye utakuwa mkubwa wake."

Esperance alimvuta mkono wa blauzi. Watu wa karibu wakaanza kutabasamu, kama watu wanavyotabasamu wakiona mambo yanaelekea kwisha vizuri na chakula cha mchana kinawangoja.

"Apana," alisema Béatrice.

Hakusema kwa sauti ya chini.

"Bwana Obeid, we ni muzee, na unanishinda umri. Ila 'yaishe' si neno yako. Yaishe ni neno ya mutu alikosewa. Jumatatu uliniita mwizi na watu wakasikia hadi kule kwa mafundi. Leo unaniambia sikuiba mu sikio moja. Mi niko na masikio mawili, na awa watu wako na yao."

Hakuna aliyecheka sasa. Obeid alimtazama Tamim, Tamim akatazama chini. Alimtazama Fortunat, Fortunat akatazama mizani. Obeid alikuwa mtu wa miaka sitini na minane, mwana wa mfanyabiashara na mjukuu wa mfanyabiashara, na katika maisha yake yote hakuwahi kumwomba radhi mtu anayepokea mshahara wake. Ilionekana kama angegeuka na kuingia ndani. Béatrice alingoja. Angengoja hadi adhuhuri, hadi alasiri, na kama angeondoka bila kazi, angeondoka na jina lake lote, lisilopungua hata gramu.

Bwana Obeid akaugeukia umati. Akakohoa.

"Huyu Béatrice hakuiba," alisema. "Mimi nilimzulia."

"Wamama wa nyuma hawajasikia," alisema Béatrice.

Alisema tena. Safari hii ilifika ng'ambo ya barabara, kwa fundi mmoja aliyebaki kulinda baiskeli za wenzake, naye akainua spana kuonyesha kwamba amesikia.

Kisha Obeid akamgeukia, jasho likimtiririka chini ya kofia, akangoja lile neno 'yaishe' ambalo sasa alijua ni la nani. Mtaa mzima ukangoja pamoja naye.

Béatrice akajifunga kitenge chake upya, taratibu, kiunoni.

"Nimesikia," alisema. "Nitafikiri. Jumatatu nitakuletea jibu."